Kocha wa Mstari Mmoja

Miaka michache iliyopita niliandika tanzia ya mwalimu mmoja wa Kyela. Mhariri alikuwa na nafasi ya maneno 300 kwenye ukurasa wa michezo, mimi ni mtoto wa huko, basi nikapewa. Marehemu aliwahi kuwa winga wa timu ya mkoa. Alicheza misimu sita, goti likamkataa, akarudi nyumbani kushika chaki. Nikaandika mabao yake. Nikaandika chenga zake. Nikaandika mechi moja ya mvua ambayo wazee wa kijiweni, karibu na stendi, bado wanaisimulia kana kwamba ilichezwa jana. Mwisho nikafunga hivi: baada ya kutundika daluga, marehemu alikuwa kocha wa vijana.

Siku ya tatu binti yake akanipigia simu. Hakugomba. Alinisalimia vizuri, akanishukuru kwa kumkumbuka mzee, halafu akauliza: "Kaka, baba alicheza miaka sita. Ukocha alifanya miaka ishirini na sita. Hiyo ishirini na sita umeiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nafasi ilikuwa ndogo, naye akaitikia kwa heshima kama mtu anayejua anadanganywa. Nafasi haikuwa ndogo. Kwenye zile mechi za winga niliandika maneno zaidi ya 200 bila kutoa jasho. Nilipofika kwenye ukocha nilikwama, kwa sababu sikujua sentensi ya pili inaandikwaje.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za makocha wetu kwa jicho jingine, hasa za wale waliokuwa wachezaji wakubwa kwanza. Ninachokiona ni kwamba Kiswahili chetu cha michezo kinajua kumsimulia mchezaji, na kocha kinajua kumwajiri na kumfukuza tu. Kazi yenyewe iliyopo katikati haina msimulizi. Na hao waliovuka kutoka uwanjani kwenda kwenye benchi wanaumia zaidi, maana tunaendelea kuwasimulia kama wachezaji hata wakiwa na mvi.

Hebu tuanze na maneno. Chukua gazeti lolote la michezo, au sikiliza kipindi cha jioni redioni. Mchezaji hufumania nyavu, hucheka na nyavu, hupiga chenga za maudhi, humwacha beki akisalimiana na nyasi. Kila wiki mtangazaji mmoja anabuni neno jipya, na wiki ya pili mitaa yote inalo. Huo ni utajiri, na mtu anayeudharau hajui lugha inavyokua.

Sasa kocha. Kocha hukabidhiwa mikoba. Baada ya mechi tatu mbovu hukalia kuti kavu. Kibarua huota nyasi. Hutupiwa virago, au akiwa mwepesi hubwaga manyanga mwenyewe. Hesabu: msemo mmoja wa kuingia, minne ya kutoka. Katikati limebaki neno moja la maana, nalo ni kunoa. Fulani anainoa timu fulani. Ni neno zuri sana. Kunoa ni kazi ya subira, kuna jiwe, kuna maji, kuna pembe ya kuushika upanga, na mtu asiyejua hutoka na kipande cha chuma butu. Lakini sisi tunalitumia kama kitambulisho cha shingoni. Tunasema anainoa, tunapita. Jiwe hatulionyeshi.

Nitoe mfano wa karibu na kwetu. Ukitoka Kyela mjini ukashuka Kasumulu, ukavuka daraja la Songwe, upo Malawi, na barabara inakupeleka Karonga. Watu wa pande zote mbili za mto wanafahamiana: majina yanayoanza na Mwa- yako huku na kule, na bei ya mchele ya upande mmoja inajulikana upande wa pili kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana jina la Kinnah Phiri halikuhitaji kufafanuliwa huku. Ni mshambuliaji wa Malawi iliyochukua Kombe la Chalenji mara mbili mfululizo, 1978 na 1979, na anahesabiwa kuwa mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi hiyo. Wazee wa ukanda wetu wanaweza kukuonyesha kwa mikono namna alivyokuwa akimzunguka beki.

Phiri akawa kocha. Mwaka 2008 alipewa timu ya taifa ya Malawi, na katika kufuzu akapangwa kundi moja na Ivory Coast, Burkina Faso na Guinea. Kutoka kundi hilo Malawi ikapata nafasi ya kwenda Angola kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 2010, mara yake ya pili tu baada ya ile ya 1984. Mechi ya kwanza ikachezwa Luanda mwezi Januari dhidi ya Algeria, timu ambayo miezi michache baadaye ilikuwa inakwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini. Malawi ikashinda 3-0. Wafungaji walikuwa Russell Mwafulirwa, Elvis Kafoteka na Davi Banda.

Nakumbuka siku ile. Watu walishangilia Mwafulirwa kana kwamba ni mtoto wa kata ya pili. Halafu maelezo yakaanza kutafutwa, na lililotajwa zaidi lilikuwa joto: Waarabu wa kaskazini hawakuliweza joto la Luanda. Inawezekana. Lakini joto halipangi safu ya ulinzi. Joto halimfundishi beki wakati wa kupanda kwenye kona na wakati wa kubaki. Kuna mtu aliyekuwa na wachezaji wengi ambao majina yao hayajulikani Ulaya, akakaa nao, akaamua wacheze namna fulani, wakamwamini. Tukampa sifa jua. Malawi ikafungwa 2-0 na wenyeji Angola, ikafungwa 3-1 na Mali, ikarudi nyumbani, na hadithi ikafungwa hapohapo.

Kisha, mwaka 2016, Phiri akaja kwetu. Mbeya City ilimchukua kuwa kocha mkuu. Hii si klabu ya hivihivi. Msimu wa 2013/14, ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu chini ya Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Mtu wa Mbeya aliyekuwepo Uwanja wa Sokoine msimu ule hahitaji kukumbushwa. Kwa hiyo fikiria habari iliyokuwa mezani: mshambuliaji aliyeogopwa na ukanda mzima, kocha aliyeifunga Algeria mabao matatu, amekuja kufundisha timu ya mji ulioko zaidi ya kilomita 100 tu kutoka ufukwe tunaopakana naye. Mwandishi yeyote wa Nyanda za Juu Kusini angeweza kupanda gari asubuhi na kukaa pembeni ya uwanja wa mazoezi wiki nzima.

Najua mwandishi mmoja ambaye hakupanda. Anaandika makala hii.

Tulichoandika, na nasema tulichoandika kwa sababu nilikuwemo, ni kwamba amekabidhiwa mikoba. Tukataja mabao yake ya zamani. Novemba mwaka ule Mbeya City ikaifunga Yanga 2-1, tukaandika kuhusu wafungaji. Mwaka uliofuata akaondoka, tukaandika kwamba ameondoka. Mzee yule alikuwa katikati yetu, msimu mmoja na zaidi, akiwa na miaka karibu arobaini ya mpira kichwani. Leo ukiniuliza alikuwa anaanza mazoezi na nini, au alikuwa anamwambia nini mshambuliaji kijana anayeogopa goli, siwezi kukuonyesha hata aya moja niliyoiandika.

Hili si tatizo la pembezoni peke yake. Dar es Salaam wana lao, tena kubwa zaidi. Wapenzi wa Simba wana tarehe moja wanayoijua kuliko siku zao za kuzaliwa: 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Miaka karibu hamsini imepita na yale mabao matatu bado yanasimuliwa na watu ambao baba zao walikuwa hawajaoana. King Kibadeni. Jina likakaa.

Sasa mtu huyohuyo, akiwa kocha, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Mechi ya kwanza ugenini Abidjan walitoka 0-0 na Stella. Nyumbani wakafungwa 2-0. Ukiuliza habari za fainali ile utapewa huzuni ya siku ya pili. Kikosi kilijengwaje mpaka kikafika hapo, safari zile za ugenini zilipangwaje, hilo halina mwenyewe.

Halafu kuna 20 Oktoba 2013. Simba na Yanga, Uwanja wa Taifa. Kibadeni yupo kwenye benchi la Simba. Mpaka mapumziko Yanga wanaongoza 3-0, bao la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Mashabiki wa Simba wameshaanza kutafuta njia ya kutokea, na wa Yanga wameshaanza kuhesabu wakirudi kulipa lile deni la 1977. Kipindi cha pili Simba wanaingia wakiwa timu nyingine. Betram Mwombeki, Joseph Owino, Gilbert Kaze. Mpira unaisha 3-3.

Kati ya kipindi cha kwanza na cha pili zipo dakika 15. Zile dakika 15, kwa maoni yangu, ni kazi kubwa kuliko mabao matatu ya 1977. Mshambuliaji akifunga anatumia mwili wake mwenyewe, macho yake mwenyewe. Kocha aliyefungwa tatu anaingia kwenye chumba chenye vijana waliovunjika, wengine wanalia, wengine wanalaumiana, na ana muda wa kunywa chupa moja ya maji ili kuwafanya waamini jambo ambalo uwanja mzima umeshaacha kuliamini. Aseme nini? Apige kelele au anyamaze? Amtoe nani bila kumuua? Aliingiza vijana, akabadili mchezo, hayo tuliyaona kwa nje. Mle ndani hatukuingia, wala baadaye hatukwenda kugonga mlango.

Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameshaondolewa. Magazeti yakatumia yale maneno manne.

Mfano wa tatu ni mfupi. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo. Tunamkumbuka Juma Kaseja, na ni haki yake. Kocha alikuwa Mkenya, James Siang'a. Ni nani Siang'a? Ni kipa. Alidaka timu ya taifa ya Kenya kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972. Yaani usiku ule golini alisimama kipa kijana, na kwenye benchi akasimama kipa mzee aliyejua upweke wa mstari ule. Mwandishi wa riwaya angeuza ng'ombe apate picha hiyo. Sisi tulikuwa nayo bure, na Siang'a amefariki mwaka 2016 bila ya sisi kuitumia.

Wengine huko duniani wanafanyaje? Wamarekani wana mpira wao wa mikono, ule wa kofia ngumu, na ndani yake yupo mchezaji anayeitwa kwotabeki. Kila shambulizi likianza mpira unampitia yeye kwanza, naye ndani ya sekunde chache anaamua autupe mbali, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao. Ni kiungo na nahodha kwa pamoja. Steve Spurrier alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Florida, na mwaka 1966 akachukua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Mwaka 1990 akarudi chuoni kwake kuwa kocha. Msimu wa 1996 Florida wakawa mabingwa wa taifa, na kwotabeki wake, Danny Wuerffel, akachukua Heisman ileile.

Unaweza kuisimulia hadithi hiyo kama muujiza wa duara: bingwa amerudi, bingwa amezaa bingwa. Lakini Wamarekani, pamoja na vurugu zao zote za fedha kwenye mpira wa vyuo, wamejenga desturi ya kuandika katikati. Ukimsoma kocha wao unakutana na michoro yake, mabishano yake na wasaidizi, namna anavyomfundisha kijana kusoma mabeki kabla mpira haujamfikia. Mpenzi wa kawaida wa mpira wao anaweza kukutajia kocha kwa aina ya mchezo anaoufundisha. Huku kwetu tunamtaja kwa timu iliyomfukuza.

Hata hivyo nisiwapambe sana wageni. Hadithi nzuri zaidi ya mchezaji aliyegeuka kocha barani kwetu ni ya Aliou Cissé, na nayo ilisimuliwa kwa pengo lilelile. Cissé alikuwa nahodha wa Senegal iliyofika fainali ya Afrika mwaka 2002, akakosa penalti, Cameroon wakachukua kombe. Mwaka 2019, akiwa kocha, akafungwa fainali na Algeria. Februari 2022 Senegal wakaifunga Misri kwa penalti, kombe likaenda Dakar kwa mara ya kwanza. Dunia nzima ikaandika sentensi moja: aliyekosa penalti amelipwa kwa penalti. Inapendeza sikioni. Lakini angalia ilivyoruka. Cissé alishika timu mwaka 2015. Miaka saba ya kuchagua, kuacha, kubembeleza, kufungwa na kuanza upya imegeuzwa kuwa daraja la kupitia kutoka mkwaju mmoja hadi mwingine. Ameshakuwa kocha bingwa wa Afrika na bado anasimuliwa kama mpigaji penalti.

Hapo nadhani tunafika kwenye mzizi. Masimulizi yanapenda tukio. Bao lina dakika, lina mtu, lina kelele. Ukocha ni marudio: zoezi lilelile Jumanne, zoezi lilelile Alhamisi, na siku likifanikiwa anayeonekana ni mtu mwingine. Kusimulia marudio ni kazi ngumu ya kifasihi. Si kazi isiyowezekana, maana Kiswahili kimeshaifanya. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima cha wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji, wakati ambapo wengi wangedhani kitabu ni cha masultani na mashujaa wa vita. Aliamua kwamba maisha ya mtu wa sanaa yanastahili wasifu, na uamuzi ule ulikuwa wa kifasihi kabla ya kuwa wa heshima. Rafu zetu leo zina wasifu wa wanasiasa mpaka zinalalamika. Wasifu wa kocha ukiutafuta utachoka miguu.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia kila nikilisema hili kijiweni, na zote zina ukweli ndani yake.

Ya kwanza inasema makocha ni waongo. Timu ikishinda ni mbinu, ikifungwa ni refa na uwanja mbovu. Ukimpa kocha kurasa 200 atajijengea sanamu. Ni kweli, na dawa yake ni kuwauliza wachezaji, hasa waliokalishwa benchi. Hakuna anayemjua kocha kama mtu aliyeachwa nje na kocha huyo.

Ya pili ni nzito zaidi. Inasema makocha wetu wazawa tunawapamba kwa sababu walikuwa wachezaji, na matokeo yao ni haya haya. Hapa mtu hunitajia Blida. Novemba 2015 Taifa Stars chini ya Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga, waliongoza 2-0 dhidi ya Algeria Dar es Salaam, wakarudishiwa ikawa 2-2, na siku tatu baadaye wakafungwa 7-0 kule Blida. Saba. Utaandika nini hapo?

Nitaandika hapohapo. Nani amesema wasifu ni pambio? Zile siku tatu kati ya sare na saba ni sura nzima: ndege, uchovu, kocha anayejua kwamba nafasi imeshampita akiwa nyumbani. Mtu aliyewahi kuvaa jezi ya taifa anasimama pembeni anaona jezi hiyo inafungwa la nne, la tano, la sita, na hawezi kuingia. Kuandika hilo kwa ukweli kungetusaidia kumhukumu vizuri zaidi. Na kungetufundisha kwamba kipaji cha miguuni hakiendi chenyewe kichwani kwa mwingine. Pele ungemuuliza anaonaje pasi, angekuambia anaiona tu. Kocha ni yule aliyelazimika kutafuta maneno ya kitu alichokuwa anakifanya bila maneno. Ndiyo maana nasema ni suala la fasihi. Mchezaji aliyegeuka kocha ni mtu anayetafsiri mwili wake kuwa lugha, na wengine wanashindwa tafsiri hiyo, na kushindwa kwao pia kuna hadithi.

Turudi Kyela. Kwa Wamarekani makocha wa vyuo ni watu wenye viwanja vinavyoingiza maelfu. Kwetu nafasi hiyo imeshikwa na mwalimu wa michezo. Kijana wa pwani hii ya ziwa, kuanzia Matema mpaka Ipinda na Itungi, mara nyingi anaonekana kwa mara ya kwanza na mwalimu anayepanga timu ya UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, au UMISSETA akiwa sekondari. Mwalimu huyo halipwi zaidi kwa kazi hiyo. Anafundisha Jiografia mpaka saa nane, kisha anabeba mipira miwili, mmoja umeshonwa. Masika yakianza uwanja unakuwa jaruba, na wazazi wanawahitaji watoto kwenye mpunga na kakao. Anayejua kakao anajua kwamba mche unautunza miaka kadhaa kabla hujaona tunda, na anayekula hilo tunda si lazima awe aliyemwagilia. Mwalimu wa michezo anaishi hivyo. Kijana wake akifika klabu kubwa, gazeti litaandika kipaji kimeibuliwa na klabu hiyo.

Marehemu wangu alikuwa mmoja wao. Baada ya simu ya binti yake nilikaa na aibu kwa miezi, kisha nikaenda. Nilifika nyumbani kwake kwanza, nikasalimia, ugonile, ndaga, nikakaa kwenye benchi chini ya mwembe na kusema kilichonileta. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya mwanangu. Ila usiniulize mimi, mimi nilikuwa nafua jezi. Waulize watoto wake wa uwanjani."

Nikawatafuta. Mmoja anaendesha bodaboda, mmoja ni askari, mmoja ana duka la vifaa vya baiskeli, wawili ni walimu. Hakuna aliyefika Ligi Kuu. Nilidhani nitapewa hadithi za ushindi, sikupewa. Walichonipa wote watano, kila mmoja kwa wakati wake, ni swali moja. Walisema katikati ya mazoezi mzee alikuwa anapuliza filimbi ghafla, kila mtu anasimama alipo bila kugeuza shingo, halafu anamfuata mmoja na kumuuliza: "Nyuma yako yuko nani?" Ukijua, mpira unaendelea. Usipojua, timu nzima inaanza shambulizi upya kutoka kwa kipa. Hakukuwa na adhabu nyingine. Hakutukana, hakupiga. Mkosaji alikuwa anabaki na macho ya wenzake tu.

Alikuwa winga. Goti lake lilivunjwa na beki aliyetoka nyuma, beki ambaye hakumwona. Hilo liko kwenye tanzia yangu, nililiandika mwenyewe, lile tukio la kuumia. Nililiweka kama mwisho wa hadithi yake. Kumbe lilikuwa mwanzo wa somo alilofundisha kwa miaka 26, na hakuwahi kuwaambia wanafunzi wake lilitoka wapi. Wale watano walilisikia kutoka kwangu. Askari alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie.

Nimeiandika upya ile tanzia. Sasa ina maneno 1,400 na hakuna gazeti litakaloipokea, maana mtu amekufa zamani na hakuwa maarufu. Nimeichapa, nimempelekea binti yake nakala mbili. Mechi ya mvua nimeiacha, ni nzuri, ila imeshuka mpaka aya ya nne. Aya ya kwanza inaanza na filimbi.

Kwa wenzangu wa kalamu, ombi langu ni dogo. Safari ijayo mtu akikabidhiwa mikoba karibu na kwenu, iwe Sokoine, iwe uwanja wa shule wenye magoli ya mianzi, nendeni Jumanne, siku ambayo hakuna mechi. Kaeni pembeni. Muone anasimamisha mazoezi wakati gani, na anauliza nini.